Dereva wa Maziwa Anayewabeba Wanajeshi wa Zamani

Saa nne asubuhi mjini Garissa, na jua tayari limekasirika. Aweys Yahye anakaza kamba juu ya mitungi mitupu ya maziwa ya ngamia iliyopangwa nyuma ya pikapu yake kuukuu. Mitungi inanuka moshi na maziwa yaliyoganda. Katikati yake ameacha nafasi ya kutosha godoro moja.

"Maziwa yanashuka Garissa, watu wanapanda Habaswein," anasema huku akijaribu kamba kwa mguu. "Maziwa hayajawahi kunisumbua, wallahi. Watu ndio kazi."

Juu ya godoro hilo amelala Khalif Rage, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwanajeshi wa zamani. Joto ni la kukaanga yai, lakini amejifunika shuka hadi kidevuni na meno yanagongana. Baba yake, Mzee Rage Guleid, amekwisha kaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Hageuki nyuma.

Mzee Rage amesafiri kutoka Habaswein kuja kumchukua mwanawe. Alimkuta katika chumba cha kupanga, kati ya chupa za soda ambazo hazikuwa na soda. Sasa anampeleka porini, upande wa Hadado, kwa ngamia wa familia, akae huko mpaka atakapopona.

Mtu wa mbali anaweza kucheka. Asicheke. Katika kaunti hizi, kijana akipotea kwenye pombe, miraa au vidonge, familia haitafuti hospitali. Inatafuta ngamia. Kule hakuna duka, hakuna marafiki, hakuna mtandao. Kuna kutembea tangu alfajiri, kuna maziwa, kuna sala tano na usingizi wa kuchoka. Wapo waliokwenda wamekonda kama fito wakarudi wanaume kamili.

Ila wapo pia wasiorudi, na hao hawasemwi.

Aweys ana miaka arubaini na saba. Aliendesha malori ya jeshi kwa miaka mingi, na mingine kati ya hiyo aliimalizia ng'ambo ya mpaka, Somalia. Siku moja gari lililokuwa mbele yake katika msafara lilikanyaga bomu. Alishuka kusaidia kuokota. Zaidi ya hapo hasemi, na mwandishi hakumlazimisha.

"Usingizi ulinikimbia siku hiyo," anasema. "Mwenzangu akanipa kikombe, akaniambia hiki kitakulaza. Kikanilaza kweli. Tatizo, kila usiku kilitaka kaka yake."

Alipoachana na jeshi akarudi Garissa na siri mbili. Ya kwanza, alikuwa mwanajeshi, na huku mtu hatangazi jambo hilo ovyo, maana wenye bunduki wanaotembea vichakani huwatafuta watu wa aina yake. Ya pili, alikuwa mlevi katika mji wa Waislamu, ambako pombe inauzwa kwa kunong'onezana na mnywaji anaonekana ameizika familia nzima ikiwa hai.

"Mlevi wa Nairobi ana aibu moja. Sisi tuna mbili," anasema. "Huwezi kumwambia daktari unaota nini, kwa sababu lazima umwambie ulikuwa wapi."

Miaka minane iliyopita kaka zake walimkamata, wakamtupa ndani ya gari na kumpeleka kwa ngamia. Alikaa huko mpaka mvua mbili zikapita. Aliporudi alikuwa amenenepa, macho meupe, anaswali msikitini safu ya mbele. Kaka zake wakatamba soko zima la mifugo kwamba ngamia wamemponya Aweys. Akanunua pikapu, akaanza kuwabebea akina mama maziwa, ambao humlipa shilingi elfu moja na mia tano kwa safari. Na familia zenye siri kama yake zikaanza kumpigia simu. Kama ngamia walimponya yeye, nani angefaa zaidi kuwapeleka wengine?

Hivyo ndivyo gari la maziwa lilivyogeuka gari la wanajeshi wa zamani. Anasema amebeba wengi, kutoka Garissa, Wajir, hata Diff kule mpakani. Mwaka juzi mmoja wao, kijana aliyekuwa amempigia saluti kwa mzaha wakiagana, alifia porini siku chache baada ya kushushwa. Familia ikasema ameumwa na nyoka.

"Nyoka!" Aweys anatema mate chini. "Wachungaji waliniambia alitetemeka, akaona watu wasiokuwepo, akakimbilia kwenye miiba, wakamfunga kamba wakidhani ana majini. Asubuhi walimkuta ameshakuwa baridi. Nyoka gani huyo?"

Tangu hapo haendeshi tu. Kila Alhamisi jioni wanajeshi wa zamani hukusanyika uani kwake, wanakunywa chai ya maziwa, wanazungumza au wananyamaza pamoja. Na kila familia inayokodi gari lake anaiomba jambo moja kabla ya porini: mgonjwa apitie kwanza kwa Ruweyda, muuguzi mwenye zahanati ndogo Habaswein, apewe dawa za siku zile mbaya za mwanzo za kuacha pombe. Ngamia baadaye.

Wengi wanakataa. Mzee Rage alikwisha kataa hata kabla ya gari kuwashwa.

Safari inaanza. Mzee anamtazama mwandishi, anaitazama kalamu, kisha anasema kwa Kiswahili: "Wewe, andika mambo ya maziwa. Hii kijana yangu, wacha. Iko na malaria tu."

Kuanzia hapo yeye na Aweys wanazungumza Kisomali, na Aweys anamfasiria mwandishi vipande vipande, mara nyingine huku machozi ya hasira yakimlenga.

Mzee Rage si mtu mkatili, na ni vizuri hilo lieleweke. Njiani anasimamisha gari mara mbili kumpelekea mwanawe maji, anamnyanyua kichwa, anamfuta midomo kwa ncha ya shuka lake. Lakini ana binti, mdogo wake Khalif, na watu wa Diff wamekuja kumposa. Nikahi imepangwa baada ya mfungo. Zahanati ya Ruweyda ipo katikati ya Habaswein, mji aliozaliwa Mzee, na benchi lake la nje halikosi shangazi wa mtu.

"Adeer," Aweys anamwambia, akitumia jina la heshima la baba mdogo, "tupite Modogashe. Pale kuna kituo cha afya. Hakuna anayekujua."

"Modogashe kila mtu ananijua. Nimeuza mbuzi pale miaka thelathini."

"Basi wakujue. Mtoto anatetemeka."

"Ni uchafu unatoka. Akinywa maziwa ya ngamia usiku wa leo, kesho atakaa." Kisha Mzee anamgeukia dereva na kusema neno ambalo bila shaka alikuwa amelibeba tangu Habaswein: "Kwani wewe ulikwenda hospitali? Si ulipona kwa ngamia? Mimi nimekufuata wewe, Aweys."

Pikapu inapita mashimo matatu, manne. Mitungi inagongana nyuma. Halafu Aweys anasema jambo ambalo, kwa maelezo yake, mkewe peke yake ndiye aliyekuwa akilijua.

"Adeer, ngamia hawakuniponya. Nilikwenda na chupa."

Siku aliyokamatwa na kaka zake, anasimulia, aliomba kufunga mzigo wake mwenyewe. Alikuwa na chupa za pombe kali alizozibandika karatasi za dawa ya kupe. Akazifunga pamoja na dawa za mifugo. Kule porini kila usiku, wenzake wakilala, alikuwa akinywa kifuniko kimoja ili mikono itulie. Baadaye nusu kifuniko. Baadaye robo. Chupa zilipokwisha, mwili haukuwa ukizidai tena. Ndipo maziwa na kutembea vikamaliza kazi.

"Wote mkanisifu nami nikapokea sifa," anamwambia Mzee. "Nilikuwa naona aibu. Ningeachishwa kwa siku moja kama huyu, ningekufa."

Mzee Rage anacheka, kicheko kikavu.

"Unadanganya. Unataka nimpeleke kwa huyo mwanamke wako wa sindano. Muislamu gani anajisingizia pombe?"

Hapo ndipo ukweli unapogonga ukuta! Mtu amekaa na uongo miaka minane, anautema siku unapohitajika, na hauaminiki kwa sababu ule uongo umeshaponya watu vizuri mno.

Kwenye kizuizi cha polisi, askari kijana anachungulia nyuma. "Huyu ana nini?" Mzee anajibu haraka kwamba ni malaria. Askari anasema pole, anawapungia mkono wapite.

Modogashe wanasimama kwa sala ya adhuhuri. Aweys anamshusha Khalif, anampa birika atawadhe. Birika linamtoka mkononi na maji yote yanamwagika mchangani. Khalif anayaangalia, anaanza kulia bila sauti. Anainua uso na kumwambia Aweys kwa Kiswahili cha kambini, "Afande, wako nyuma ya ule mti. Waambie wenzetu walale chini."

Nyuma ya mti kuna mbuzi wawili.

"Nimewaona, kaka," Aweys anamjibu taratibu. "Nimeshawaambia. Wamelala chini."

Kisha anamfuata Mzee na kumshika mkono kwa nguvu ambayo mtu wa rika lake hapaswi kutumia kwa mzee. Kituo cha afya ki hapo hapo. Anaomba. Anamwapia. Anamwambia hataki nauli. Mzee anatoa mkono wake, anapanda gari na kufunga mlango. Aweys anasimama kando ya barabara, funguo mkononi, kisha anamrudisha Khalif juu ya godoro.

"Nikimchukua kwa nguvu, ni mwizi wa watoto," anasema baadaye. "Watu wangenipiga mawe pale pale, na nisingebebeshwa mgonjwa mwingine maishani. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Usiku hujiambia mengine."

Wanakaribia Habaswein alasiri inapoingia. Ghafla mitungi nyuma inaanza kugonga kwa kasi, ingawa barabara hapo ni nzuri. Aweys anafunga breki. Khalif amekakamaa, mgongo umepinda, povu lina damu kwa sababu amejiuma ulimi. Miguu yake ndiyo inayopiga mitungi.

Mzee Rage anaruka nyuma kama kijana. Anamkumbatia mwanawe, anamsomea Ayatul Kursi sikioni, anaikosea, anaianza upya. Aweys hamuulizi tena mtu. Anakanyaga mafuta moja kwa moja hadi mlango wa zahanati.

Benchi la nje limejaa. Wanawake wanasimama, watoto wanavutwa pembeni. Ruweyda anatoka akiwa na glavu mkono mmoja. Ni mwanamke mfupi asiyepoteza maneno.

"Anakunywa nini? Mara ya mwisho lini?"

"Malaria," anasema Mzee.

"Mzee, sikuuliza ugonjwa. Nikimpa dawa ya malaria nitampoteza. Anakunywa nini?"

Benchi zima linasikiliza. Aweys anafungua mdomo, lakini Mzee anamtangulia, na sauti yake inatoka kubwa kuliko inavyohitajika.

"Pombe. Pombe kali, kila siku, tangu atoke jeshini. Hajaigusa tangu jana jioni. Niliimwaga yote mimi mwenyewe. Alinishika miguu akaniomba nimwachie kidogo, nikamwaga."

Mwanamke mmoja benchini anaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Ruweyda hana nafasi ya kuziba chochote. Anachoma sindano, anafunga dripu, anasafisha koo. Khalif anatulia. Kwa takriban saa nzima anapumua vizuri, anafumbua macho, anamwita mama yake ambaye ni marehemu. Halafu degedege linarudi, na baada yake pumzi zinakuwa za kukwaruza. Ruweyda anaita gari la wagonjwa limpeleke hospitali ya Wajir.

Khalif Rage alifariki njiani, kabla ya Wajir, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa baba yake.

Alizikwa Habaswein asubuhi iliyofuata. Watu walikuwa wengi, na miongoni mwao walikuwepo wanaume waliotoka Diff, wale wa posa. Udongo uliposawazishwa, mmoja wa wazee akasema, kama watu wasemavyo ili kumsitiri mfiwa, kwamba malaria ya mwaka huu imekuwa kali.

Mzee Rage akasema hapana.

Aweys, aliyekuwa amesimama karibu, anayakumbuka maneno yake. "Alisema: mwanangu alikuwa mwanajeshi. Alirudi na vita kichwani na hakuna kati yetu aliyemuuliza. Akanywa. Mimi nikamkatia ghafla, nikampitisha mbele ya kituo cha afya kwa sababu ya aibu. Dereva aliniambia, nikamwita mwongo. Mwenye mtoto kama wangu asimpeleke kwa ngamia kabla ya kumpeleka kwa daktari. Basi. Akaondoka."

Hakuna aliyemfuata kwa muda. Wanaume wa Diff walirudi kwao jioni ile. Mpaka makala haya yanaandikwa hawajapiga simu, na binti ameacha kuuliza.

Siku ya tatu ya msiba mwandishi alikwenda kutoa rambirambi na kumuuliza Mzee kama habari hii isiandikwe. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, macho mekundu, mdogo kuliko alivyoonekana ndani ya gari.

"Andika," alisema. "Na jina lake andika. Nilimficha akiwa hai. Imefaa nini?"

Ruweyda naye hapambi maneno. Anasema mwili uliozoea pombe kali kwa miaka ukikatiwa mara moja unaweza kufa, na siku za mwanzo ndizo za hatari. "Ngamia sina ugomvi nao," anasema. "Mtu akishavuka siku hizo kwa dawa, mpelekeni kwa ngamia, atafaidika. Lakini mnampeleka porini siku ile ile anayohitaji kitanda, halafu mnasema majini, mnasema nyoka. Nimechoka na nyoka."

Aweys anataka kukodi nyumba ya vyumba viwili karibu na zahanati hiyo, yenye mlango unaofunguka upande wa nyuma, ambako wanajeshi wa zamani watalala siku zile za mwanzo chini ya jicho la Ruweyda kabla ya kupanda gari lake kwenda porini. Wenzake wa Alhamisi wamekubali kupeana zamu za kukesha na wagonjwa. Mwenye nyumba bado anasitasita. Anaogopa majirani watasema amefungua nyumba ya walevi.

"Atakubali," anasema Aweys. "Asipokubali, nitahamisha mitungi, nitawalaza stoo kwangu."

Hana hakika kama ataacha kumwona Khalif barabarani. Kila akipita Modogashe anapunguza mwendo bila kukusudia, na gari la nyuma humpigia honi. Lakini kuna jambo limebadilika. Miaka yote hiyo, anasema, familia zilikuwa zikimpigia simu kumwambia kuna mgonjwa wa malaria wa kupelekwa kwa ngamia. Hakuna aliyelitaja lile neno.

Jumanne wiki iliyopita, akipakua maziwa Garissa, simu yake ililia. Alikuwa mama asiyemfahamu, kutoka Hadado. Alikuwa amesikia habari za Mzee Rage. Alisema mwanawe alikuwa jeshini, amerudi, ni mlevi, na sasa hivi yeye amesimama uani na chupa ya kijana mkononi.

Mwandishi alikuwepo. Aweys aliweka mtungi chini, akageukia ukuta ili asisikike na wachuuzi, akazungumza kwa Kisomali. Alipomaliza, aliyafasiri maneno yake mwenyewe.

"Nimemwambia: mama, usimwage. Mrudishie, umpe kidogo kidogo, mimi naondoka sasa hivi. Akasema, ni haramu, mwanangu, nitamjibu nini Mungu? Nikamwambia dhambi hiyo niandikiwe mimi. Usimwage tu."

Kisha alipanda garini na kuwasha injini, nusu ya mitungi ikiwa bado haijapakuliwa.